Fedha Ndogo na Miezi ya Njaa
Somo kwa sharika za Nachingwea na Ruangwa

Somo letu la mwezi huu ni juu ya fedha. Hatutasema habari za fedha nyingi za wenye malori na maghala, bali za fedha ndogo zipitazo mikononi mwa kila mtu: mia tano ya fungu la uyoga, elfu ya mayai mawili, elfu mbili za kibarua cha asubuhi. Watu wengi watujiao hutuuliza, “Tufanye kazi gani ndogo ili tupate kitu?” Swali hilo ni jema, nasi tutalijibu. Lakini liko swali jingine litangulialo, ambalo watu hawaliulizi: fedha hiyo itafika mwezi gani? Maana katika nchi yetu watu wengi hawawi maskini kwa sababu shamba halizai. Huwa maskini kwa sababu fedha huja mwezi mmoja na njaa huja mwezi mwingine, na kati ya miezi hiyo hakuna daraja.

Nachingwea yenyewe imekwisha kuona fedha kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga katika Tanganyika, penye Kongwa, Urambo na huku kwetu. Mitambo ikaletwa kung’oa miti, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kutoka pwani hata Nachingwea, na vijana wakaandikwa kazi za mshahara. Mwezi wa Januari 1951 mradi ukakomeshwa, na hasara yake ikahesabiwa kuwa yapata pauni milioni 36. Ardhi na mvua hazikujaribiwa kwanza katika shamba dogo. Wakubwa walikimbilia maelfu ya ekari. Baadaye hata reli iling’olewa. Twakumbusha jambo hili kwa sababu wako vijana wasemao kwamba fedha ndogo ni upotevu wa wakati, na kwamba afadhali kungoja mradi mkubwa. Mradi mkubwa ulikuja, ukaenda zake, na mkulima akabaki na jembe lake na kalenda ile ile.

Basi na tuitazame kalenda hiyo. Mvua huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei. Ufuta huvunwa karibu na Mei na Juni, na minada yake huanza mara baada ya hapo. Mbaazi hufuata Agosti na Septemba. Korosho huanza kuanguka karibu na Septemba, na minada yake huanza Oktoba, ikaendelea hata Desemba na pengine kupita. Tangu msimu wa 2007 korosho huuzwa kwa njia ya stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo katika chama chake cha msingi, hupimiwa kwa mizani, hupewa karatasi yake, kisha mzigo huenda ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Huku kwetu minada husimamiwa na Chama Kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limekusanya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Fedha hailipwi siku ya mnada. Mnunuzi hulipa kwanza, makato hutolewa, ndipo fedha hufika benki.

Kwa hiyo nyumba ya mkulima wa korosho hupata fedha nyingi Novemba na Desemba. Pikipiki hununuliwa, harusi hufanywa, mabati hupandishwa. Hatulaumu mabati. Lakini ifikapo Januari watoto wataka sare na madaftari, shamba lataka palizi, na gunia la mwisho la mahindi limefika chini. Februari na Machi ndiyo miezi mibaya kabisa. Mtu mwenye shamba huliacha likiota majani, akaenda kulima shamba la mwenzake kwa kibarua, apate unga wa siku ile. Na kwa kuwa shamba lake lilichelewa kupaliliwa, mwaka ujao njaa yake huanza mapema zaidi.

Hapo ndipo aingiapo mtu wa kangomba. Ninyi nyote mwamjua, tena mara nyingi ni jirani, mtu wa salamu nzuri. Huja na fedha taslimu wakati fedha haionekani, akanunua korosho zilizo bado juu ya mti, pengine hata hazijatoa maua. Au huja mwanzo wa msimu na chombo chake cha kupimia badala ya mizani, akanunua kidogo kidogo kwa bei aitakayo yeye. Serikali imekataza ununuzi huu mara nyingi, na bado uko. Twadhani uko kwa sababu moja tu: humpa mtu fedha siku ile aihitajipo. Hauwezi kuondolewa kwa makaripio.

Tufanye hesabu. Hesabu hii ni mfano. Bei zaweza kubadilishwa na mwalimu kwa kufuata mwaka wenyewe. Mtu mmoja, mwezi wa Februari, achukua shilingi 30,000 za kununulia mahindi. Mapatano ni kwamba atatoa korosho kwa shilingi 1,000 kwa kilo, yaani kilo 30. Mwezi wa Novemba mnada walipa, tuseme, shilingi 3,000 kwa kilo baada ya makato. Kilo zake 30 zingekuwa shilingi 90,000. Basi kwa kukopa 30,000 amelipa 90,000. Mtu huyu akiulizwa kama ana deni, husema hana, kwa sababu hakuandika karatasi yoyote. Nasi twasema kwamba hakuna mkopo ghali kuliko huo katika wilaya zetu mbili, wala hakuna unaofichwa vizuri kuliko huo.

Tena bei za korosho hupanda na kushuka sana, na yule aliyekwisha kuuza mapema hapati faida ya kupanda. Oktoba 2024, katika minada ya kwanza kule Mtwara, bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyeuza korosho zake Februari ya mwaka huo kwa bei ya kangomba alisikia habari hiyo redioni tu.

Jambo la mwaka 2018 nalo lafaa kukumbukwa. Wanunuzi walitoa bei ndogo mnadani, wakulima wakakataa, na mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akaamuru kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likatumwa kuzisomba. Kabla ya kulipa, serikali ilifanya uhakiki: nani mwenye shamba, na je, shamba lake laweza kutoa mzigo ule? Nia ilikuwa kuwazuia watu wa kangomba wasilipwe. Wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Mwenye akiba ndogo nyumbani alingoja kwa utulivu kiasi; asiye nayo alikopa tena juu ya fedha ambayo haijafika. Kumbe hata mtu aliyeuza kwa njia ya haki huhitaji daraja la kuvukia.

Wanaosoma Torati wanakumbuka kwamba ilikatazwa kumchukulia mtu jiwe lake la kusagia kuwa rehani, maana ni kuchukua uhai wake. Mwinjilisti akilifundisha neno hilo huku kwetu, na aulize darasa: jiwe la kusagia la mtu wa Ruangwa ni nini? Twadhani watajibu wenyewe.

Sasa daraja lenyewe. Mababu walikuwa na upatu, na akina mama wangali nao. Watu kumi hutoa elfu tano tano kila juma, na kila juma mmoja wao hupokea 50,000. Ni jambo jema na la uaminifu, nalo halimzidishii mtu wala kumpunguzia. Hupokea kile kile alichokitoa. Ila lina udhaifu mmoja: zamu yako yaweza kufika Desemba, wakati usipokuwa na haja, na haja yako ikafika Machi, wakati zamu ni ya mwingine.

Kikundi cha kuweka na kukopa ni hatua moja mbele ya upatu. Namna yake ilianza Maradi, katika nchi ya Niger, mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini wakifundishwa na shirika la CARE. Kisha ikaenea Afrika nzima. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara vikundi vingi vilifundishwa na mashirika, likiwamo la Aga Khan, na vingine vimejifunza kwa kuwatazama majirani. Watu kati ya 15 na 30 wanaofahamiana hukutana siku moja ya juma. Hisa huwa na bei moja, na kila mwanachama hununua hisa moja mpaka tano, kwa kadiri ya nguvu zake za juma lile. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, huandikwa katika daftari, huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu wa nyumba tatu mbalimbali. Kando huwekwa mfuko mdogo wa jamii kwa misiba na ugonjwa. Anayekopa hulipa nyongeza kidogo, na nyongeza hiyo hubaki ndani ya sanduku. Mwisho wa mzunguko, ambao huwa miezi tisa mpaka kumi na miwili, sanduku huvunjwa na kila mtu hupata fungu lake kwa kadiri ya hisa zake.

Tuongeze neno moja ambalo wengine hawatalipenda. Mchungaji asishike ufunguo, wala sanduku lisilale katika nyumba ya mchungaji. Si kwa sababu ni mwizi, ni kwa sababu watu huona haya kumwambia mchungaji, “Tuhesabu tena.” Fedha isiyoweza kuhesabiwa tena mbele ya wote imekwisha kuanza kupotea.

Hebu tuhesabu. Watu 25, hisa ya shilingi 1,000, kila mtu anunua hisa mbili kwa juma. Kila juma sandukuni huingia 50,000. Kwa majuma 50 kila mtu ameweka 100,000, na kikundi kizima 2,500,000, bila kuhesabu nyongeza za mikopo. Elfu mbili kwa juma ni mayai manne, au mafungu manne ya uyoga. Hizo ndizo fedha ndogo tulizozitaja mwanzo. Zikiwa mkononi, huliwa. Zikiwa sandukuni, zinangoja.

Lakini zinangoja nini? Hapa twataka msomaji atusikilize vizuri, maana ndipo vikundi vingi vya kwetu hukosea. Vikundi vingi huvunja sanduku Desemba, kabla ya Noeli, kwa kuwa watu hupenda kugawana wakati wa furaha. Desemba ndiyo wakati ule ule fedha za korosho ziingiapo. Basi fedha hukutana na fedha, na zote mbili huondoka pamoja. Sisi twashauri sanduku livunjwe mwisho wa Januari. Hapo fedha za korosho zimekwisha, shule imefunguliwa, palizi imeanza, na bei ya mahindi imeanza kupanda. Mtu apokeaye shilingi 100,000 wakati ule aweza kununua gunia mapema, akabaki shambani mwake mwenyewe Februari yote. Mtu wa kangomba akimjia, atampa maji ya kunywa na kumwuliza habari za nyumbani.

Kisha mzunguko mpya huanza Februari, na ifikapo katikati ya Agosti, yaani majuma kama 28, sandukuni mna 1,400,000. Huo ndio wakati mwingine wa hatari: korosho zaonekana mtini, na mtoto aweza kuugua. Mwanachama akope 30,000 kwa nyongeza ya shilingi tano kwa kila mia kwa mwezi; kwa miezi mitatu nyongeza ni 4,500. Novemba alipa 34,500, ambazo kwa bei yetu ya mfano ni kilo kumi na moja na nusu za korosho. Mtu wa kangomba alitaka kilo 30. Tena zile 4,500 hazikwenda kwa mgeni, zitarudi katika mgawo wa Januari, na sehemu yake mwenyewe imo.

Kikundi na kiandikishwe katika halmashauri, kama itakiwavyo na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kuandikishwa hufungua pia mlango wa mikopo isiyo na riba itokayo katika asilimia kumi ya mapato ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Lakini kikundi kilichoundwa kwa ajili ya kupata mkopo wa halmashauri tu hakiishi muda mrefu. Kwanza kijizoeze na fedha zake chenyewe.

Sasa tulijibu lile swali la kazi ndogo. Hatutazitaja zote, maana kila kijiji kina zake; uyoga wa wakati wa mvua, ming’oko ya kuchimbwa porini ikachemshwa na kuuzwa kwa chumvi na pilipili, asali ya miombo, mikeka ya ukindu, vitumbua vya alfajiri. Twataka kukaa juu ya mbili.

Ya kwanza ni kubangua korosho nyumbani. Akina mama wengi hubangua za shamba lao wenyewe na kuziuza zikiwa zimekaangwa, stendi ya Nachingwea au barabarani. Kazi hii ina faida ya kalenda: korosho iliyokauka vizuri hukaa, basi mama aliyeweka gunia moja kando aweza kubangua kidogo kidogo Januari mpaka Machi. Lakini na apime kwanza. Ili kupata kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutumia kilo nne mpaka tano za korosho ghafi. Ikiwa mnada walipa 3,000, basi kilo moja ya kiini imekula korosho za shilingi 12,000 mpaka 15,000, kabla ya kuni, chumvi na mifuko. Akiuza kwa bei hiyo hiyo amefanya kazi bure. Akiuza zaidi, ile ziada ndiyo mshahara wake, wala asiseme kwamba fedha yote ni faida. Tena mafuta ya ganda huunguza ngozi. Mikono ipakwe mafuta ya kula au majivu kabla ya kuanza, na watoto wasikae karibu na moshi wa maganda. Tumeona mikono iliyoharibika kwa kazi hii, na fedha yake haikutosha kununua dawa.

Ya pili ni kuku wa kienyeji. Kila nyumba inao, na karibu kila mwaka hufa wote kwa juma moja kwa kideri. Watu husema ni upepo. Si upepo, ni ugonjwa uambukizao, nao una chanjo iwekwayo tone moja katika jicho la kuku, ikarudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko walio katika nyumba moja, na ikishafunguliwa haikai. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja haoni faida kuinunua. Kikundi cha sanduku chaweza kuinunua pamoja, wakapita nyumba kwa nyumba siku moja asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa. Kuku waliochanjwa ni akiba itembeayo, na haitegemei mnada wa mtu. Kuku wawili wakiuzwa Februari wamezuia kangomba moja.

Juu ya mabibo twasema kwa ufupi. Yaliyokaushwa juani juu ya uchanja safi hukaa na huuzwa, na juisi yake ikinywewa siku ile ile ni njema. Uraka na nipa huleta fedha ya haraka zaidi, twajua. Lakini fedha hiyo hutoka katika mifuko ya waume wa majirani, na unga wa nyumba zao huenda nayo. Hatutaihesabu kuwa mapato ya kijiji.

Limebaki jambo la zawadi ndogo ziahidiwazo na watu wasioonekana. Siku hizi mtu wa Nambambo au wa Nandagala aweza kupokea katika simu yake habari kwamba akiweka elfu hamsini atalipwa kila siku bila kazi. Tuanze na lililo kweli. Mwaka 2014 wateja wa Tigo Pesa walianza kupewa gawio, kwa kuwa fedha zilizokaa katika simu zao zilikuwa zimewekwa benki na kuzaa faida. Gawio la mtu wa kawaida lilikuwa dogo sana, na udogo huo ulionyesha ukweli wake: ilijulikana fedha imetoka wapi.

Kwa hiyo swali ni moja daima: fedha hii yatoka wapi? Mwaka 2009 nchi yetu ilisikia habari za DECI. Watu walipanda mbegu, kama walivyoiita, wakaahidiwa kuvuna mara mbili na zaidi baada ya miezi michache. Kulikuwa na wachungaji miongoni mwa viongozi wake, na maneno ya kupanda na kuvuna yalitwaliwa kutoka mimbarani. Ndiyo maana wengi hawakuuliza swali lile. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za wa baadaye. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Ungedhani somo hilo lilitosha. Lakini mapema mwaka 2025 likaanguka jambo jingine, liitwalo LBL, ambalo watu waliingiza fedha kisha wakaahidiwa malipo ya kila siku kwa kutazama matangazo ya filamu katika simu. Benki Kuu ilisema halikuwa na leseni, na polisi wakakamata watu. Fedha za wengi hazikurudi.

Wainjilisti wafundishe hesabu yake kwa punje za mahindi. Mtu mmoja ili alipwe ahitaji watu wawili nyuma yake. Hao wawili wahitaji wanne. Wanne wahitaji wanane. Endeleeni kuzidisha. Mara ya ishirini wahitajika watu 1,048,576 kwa safu ile moja tu, na ukijumlisha na waliotangulia ni zaidi ya milioni mbili. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa wote wa Lindi, na vichanga vyake, kuwa watu yapata milioni 1.2. Watu wataisha kabla ya ahadi.

Mikopo ya simu nayo ina madimbwi yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Watu huiita mikopo ya namna hiyo kausha damu, na jina hilo lilitolewa na waliokaushwa. Kuhusu vijana wanaobeti, tuseme hivi. Kuipenda Namungo, timu ya kwetu Ruangwa, si kosa, na kuipigia makofi hakugharimu kitu. Lakini kijana aandikaye mkeka wa shilingi elfu kila siku hutumia elfu saba kwa juma. Hizo ni hisa saba, kuliko zile tano ambazo kikundi humruhusu mtu kununua.

Mwinjilisti afundishapo somo hili asianze kwa kusoma gazeti mpaka mwisho. Achore ardhini mistari ya miezi kumi na miwili, kuanzia Januari. Kila nyumba iweke punje ya mahindi katika kila mwezi fedha iingiapo, na jiwe dogo katika kila mwezi fedha itokapo kwa nguvu: ada, palizi, unga, dawa, salfa ya mikorosho. Baba na mama wa nyumba moja waweke pamoja, maana mara nyingi hawakubaliani mawe yako wapi, na mabishano hayo yana faida. Kisha watazame miezi yenye mawe bila punje. Kila nyumba ichague mwezi mmoja wa namna hiyo, na kazi moja ndogo iwezayo kutia punje ndani yake. Wenye sanduku watafute katika mistari hiyo hiyo mwezi wa kulivunja. Tungependa kuandikiwa ni miezi gani iliyochaguliwa, kijiji kwa kijiji.